Mtafiti Akija Kuchukua Udongo Wako, Mpe, Lakini Mdai Jibu

Najua wengi mnasubiri makala ya viwavijeshi niliyoahidi. Itakuja wiki ijayo. Leo nina jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi uliopita, na naomba mnivumilie kwa sababu linahusu udongo wa mashamba yenu.

Nilikuwa kwenye kikao cha kikundi cha wakulima wa soya katika kata yangu. Nilikuwa na ujumbe kwamba watafiti wa chuo wanaomba kuja kuchukua sampuli za udongo. Kabla sijamaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono akaniuliza, "Bibi shamba, udongo wangu wa mara ile umefika wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Miaka minne iliyopita ni mimi niliyempeleka mtafiti kwenye shamba la mzee yule. Nilishika mfuko wakati udongo unatiwa, na nikamwambia kwa mdomo wangu, "Baba, majibu yatarudi." Hayakurudi. Mzee hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia jembe alilomwazima jirani.

Kikundi kikaamua kwamba safari hii hautoki udongo. Wana sababu. Hata hivyo naamini uamuzi ule una hasara, na hasara hiyo itawarudia wao wenyewe. Naamini pia kwamba kuchukua udongo wa mtu na kukaa kimya ni kosa, hata kama aliyechukua ana shahada tatu. Nitaeleza yote mawili.

Wanatafuta nini kwenye udongo?

Vijiweni nimesikia mengi: wanatafuta madini, wanataka ardhi, udongo unauzwa Ulaya. Watafiti niliowapeleka mimi walikuwa wanachunguza vijidudu.

Neno "vijidudu" kwetu lina sifa mbaya, maana tumezoea kulisikia zahanati. Lakini wengi wao hawana ugonjwa wowote. Chukua udongo kidogo, usiofika hata robo ya kijiko cha chai. Ndani yake kuna bakteria mamia ya mamilioni, na kwenye udongo wenye rutuba wanaweza kuzidi bilioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Kwa hiyo unapobana udongo kwa vidole viwili umeshika wakazi wengi kuliko nchi nzima.

Na wanaishi kama kijiji. Wapo wanaoozesha mabua na samadi ili mmea upate chakula. Wapo wanaopigana na wenzao. Wapo wanaoozesha mizizi ya mazao. Wapo pia wanaofunga ndoa na mmea fulani na kumkataa mwingine. Mtafiti wa jamii za vijidudu anataka kujua nani anaishi kwenye shamba lako, ni wangapi, na wanafanya kazi gani.

Mfano ulio karibu nasi ni rizobia. Hawa ni bakteria wanaoingia kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kutengeneza vinundu. Hewa tunayovuta, karibu asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua moja kwa moja. Rizobia wanaweza. Wanaibadilisha na kuupa mmea, na mmea unawalipa kwa sukari. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba vinundu ndivyo vinavyoipa mimea hii naitrojeni ya hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza peke yao. Kabla ya hapo wakulima walijua tu kwamba mahindi yanayofuata kunde yanastawi, bila kujua sababu.

Unaweza kuangalia mwenyewe. Soya au maharage yakianza kutoa maua, chimba mmea mmoja taratibu kwa jembe, usiung'oe kwa mkono maana vinundu vitabaki chini. Suuza mizizi, kata kinundu kwa ukucha au wembe. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi. Na kama hakuna vinundu kabisa, mmea wako unategemea udongo na mfuko wako.

Udongo uliorudisha faida

Anayesema utafiti wa namna hii hauna faida nampa mifano mitatu.

Wa kwanza ni Brazili. Soya ni zao lililotoka Asia, na bakteria wake hawapatikani kwenye kila udongo. Mwanamama Johanna Döbereiner, aliyezaliwa mwaka 1924 huko Ulaya ya kati na kuhamia Brazili baada ya vita kuu ya pili, alitumia maisha yake ya kazi akichunguza bakteria wa mizizi. Wakati nchi nyingine zikitegemea mbolea ya chumvichumvi, yeye na wenzake walishikilia kwamba soya ya Brazili ichaguliwe na ikuzwe pamoja na bakteria wake. Leo Brazili inalima soya zaidi ya hekta milioni 40, na sehemu kubwa ya naitrojeni ya zao hilo inatoka kwa bakteria. Mwaka 2025 mtafiti mwingine wa huko, Mariangela Hungria wa taasisi ya Embrapa, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyohiyo. Hapo pana miaka zaidi ya sitini ya watu kuhesabu vinundu.

Wa pili uko kwetu Afrika, nao ni sumukuvu. Mwaka 2004 katika maeneo ya mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 nasi tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sababu hiyohiyo. Sumu hiyo inatengenezwa na kuvu aishie shambani. Watafiti waligundua kwamba katika ukoo huohuo wa kuvu wapo wasiotengeneza sumu, na ukiwatawanya shambani mapema wanachukua nafasi ya wale wabaya. Ndiyo kazi ya Aflasafe: ni punje za mtama ulioondolewa uwezo wa kuota, zikapakwa kuvu wasio na sumu, na hutawanywa kiasi cha kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Sasa sikiliza jambo muhimu: kuvu wanaotumika hutafutwa katika nchi husika, kwenye mazao na mashamba ya wakulima wa hapohapo. Kama wakulima wote wangekataa kutoa sampuli, dawa hiyo isingekuwepo.

Wa tatu ni streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu. Mwaka 1943 huko New Jersey, Marekani, kijana wa miaka 23 aitwaye Albert Schatz aliipata kutoka kwa bakteria wa udongo, na moja ya sampuli zake ilitoka kwenye shamba lililowekwa samadi nyingi. Fikiria ni watu wangapi wamepona kwa sababu mtu mmoja alichota udongo wa samadi na kuuchunguza.

Hadithi ya huyo Schatz ina upande wa pili. Sifa karibu zote zilimwendea mkuu wa maabara, Selman Waksman, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 peke yake. Ilibidi Schatz aende mahakamani ndipo akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza na kupewa sehemu ya mapato. Nasema hili ili mjue kwamba hata watafiti wenyewe kwa wenyewe wanadaiana haki. Mkulima akidai ya kwake hajaanzisha jambo geni.

Nilikwenda kuudai udongo wa mzee

Baada ya kikao kile nilikosa raha. Wiki mbili baadaye nikaomba ruhusa, nikapanda basi hadi chuo kilichochukua sampuli. Sitakitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu.

Mtafiti niliyempeleka kijijini alishamaliza masomo na kuondoka. Mradi ulikwisha. Lakini mtaalamu wa maabara alinipokea vizuri, na binti mmoja anayesoma shahada ya pili akanitembeza. Ni wa rika langu. Alinionyesha jinsi udongo unavyofanyiwa kazi, na nikiri kwamba nilikuwa nimewahukumu watu hawa bila kuona.

Mimi nilidhani udongo unawekwa kwenye mashine na jibu linatoka. Kumbe kuhesabu rizobia wa soya ni hivi. Wanapima gramu kadhaa za udongo, wanazichanganya na maji safi yaliyochemshwa. Wanachukua sehemu moja ya maji hayo na kuitia kwenye sehemu tisa za maji mengine. Kisha wanachukua moja ya hayo na kuitia kwenye tisa tena, na tena, na tena, mpaka uchafu wa udongo hauonekani. Kila kiwango wanakinywesha mche wa soya ulioota kwenye mchanga uliochomwa ili usiwe na bakteria wengine. Halafu wanasubiri kama mwezi mmoja. Baada ya hapo wanang'oa miche na kuangalia ipi imepata vinundu na ipi haikupata, ndipo wanakadiria idadi. Kidole kichafu kimoja au tone moja la maji ya bomba likirukia pasipotakiwa, mwezi mzima umepotea na kazi inaanza upya.

Wengine wanawakuza vijidudu kwenye visahani vyenye uji mgumu wa agari, unaotokana na mwani. Wazo la kutumia agari lilitoka jikoni: mwaka 1881 mama mmoja, Fanny Hesse, mke wa mtafiti katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, ndiye aliyependekeza, kwa kuwa alikuwa akiitumia kugandisha vyakula vyake na haikuyeyuka kwa joto. Hata hivyo wakazi wengi wa udongo hawakubali kuota kwenye kisahani. Ndiyo maana siku hizi watafiti hutoa vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye udongo na kuvisoma kwa mashine. Mashine hizo ni ghali, na mara nyingine sampuli zinasafirishwa mbali. Hapo ndipo maneno ya "udongo unauzwa Ulaya" yanapoanzia.

Binti yule aliniambia kwamba wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, akaamka saa nane kwenda kuangalia friza. Kazi yake ya miaka miwili iko ndani ya friza hiyo. Fedha za mradi wake zinaisha mwezi wa sita, na hajui kama atapata nyingine. Nilimwuliza kwa nini hawarudishi majibu vijijini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, bajeti ya kuja kuchukua ipo. Ya kurudi haikuwekwa."

Kisha tukafungua tasnifu ya yule aliyekuja kwetu. Imeandikwa kwa Kiingereza, imefungwa vizuri kwa jalada gumu. Tukatafuta namba ya sampuli, na mzee wangu nikampata, mstari mmoja kwenye jedwali. pH ya udongo 4.9. Rizobia wa soya: chini ya kumi kwa gramu.

Nikakaa chini. Mstari ule ulikuwa na maana kwamba shamba la mzee lina tindikali kupita kiasi kwa soya, na bakteria wanaohitajika karibu hawapo. Alihitaji chokaa, chanjo ya mbegu yenye bakteria wa soya, na mbolea ya fosforasi kama TSP au Minjingu. Badala yake kwa misimu mitatu alinunua urea, akapata magunia mawili mpaka matatu kwa ekari, na msimu wa nne akaacha soya. Urea haikuwaleta bakteria wasiokuwepo, na ikitumika mwaka hadi mwaka huongeza tindikali kwenye udongo.

Na aliyemshauri urea ni mimi. Niliona majani ya njano nikasema naitrojeni imepungua, ongeza urea. Kuhusu naitrojeni sikukosea. Nilikosea chanzo chake. Jibu lilikuwa limeshaandikwa, liko kwenye rafu, kwa lugha ambayo mzee hasomi na mahali ambapo mimi sikuwahi kwenda kuuliza.

Lawama ni ya nani?

Mtafiti ana sehemu yake. Alichukua kwa ahadi. Najua chuoni mtu hupanda cheo kwa makala zinazochapishwa kwenye majarida, na hakuna fomu inayouliza amerudi vijijini mara ngapi. Lakini karatasi moja kwa Kiswahili haihitaji mfadhili. Hata ujumbe wa simu ungemwokoa mzee.

Wanaotoa fedha za utafiti wana sehemu yao. Kama bajeti ina mafuta ya gari la kwenda, iwe na mafuta ya kurudi. Mradi usio na fedha ya kurudisha majibu usipitishwe.

Mimi afisa ugani nina sehemu kubwa kuliko nilivyotaka kukubali. Mtafiti ni mgeni, anaondoka. Mimi nabaki. Nilitoa ahadi kwa niaba ya mtu mwingine na sikuifuatilia hata mara moja kwa miaka minne, ingawa namba yake ya simu nilikuwa nayo.

Na mkulima? Mkulima ana kosa moja dogo: anatoa udongo kama anayetoa sadaka. Haulizi, haandiki, hadai. Akivunjika moyo, anafunga mlango kwa wote. Akifunga mlango, mtafiti anakwenda wilaya ya jirani, na majibu yanayopatikana huko yanakuwa ya udongo wa huko. Udongo hautabiriki kwa kuangalia ramani. Shamba la bondeni na la mlimani katika kijiji kimoja yanaweza kutofautiana kabisa kwa tindikali na kwa wakazi wake.

Masharti ninayopendekeza

Haya ndiyo niliyoyarudisha kwenye kikundi, na nawashauri ninyi pia:

1. Mtafiti apite njia sahihi: halmashauri, kata, kisha serikali ya kijiji, akiwa na barua. Mtafiti kutoka nje ya nchi awe na kibali cha COSTECH. Asiye na barua asichote hata kijiko.

2. Kabla ya kuchota aeleze kwa Kiswahili mambo matatu: anatafuta nini, sampuli itapelekwa wapi, na jibu litarudi lini. Mtendaji aandike kwenye muhtasari, mtafiti asaini.

3. Namba iliyo kwenye mfuko iandikwe pia kwenye daftari lako, pamoja na tarehe na sehemu ya shamba. Piga picha kwa simu. Bila ile namba mimi nisingempata mzee kwenye jedwali.

4. Chukua mawasiliano ya msimamizi au ya idara pia. Mwanafunzi atahitimu na kuondoka.

5. Dai ukurasa mmoja kwa Kiswahili: tumekuta nini, maana yake nini kwa shamba lako, ufanye nini. Kama hakuna la kufanya, waseme hivyo. Hilo nalo ni jibu.

6. Uliza: je, kijidudu kutoka shambani kwetu kikiwa bidhaa, kijiji kitatambuliwa vipi? Tangu Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 nchi nyingi zimekubaliana kwamba manufaa ya rasilimali za kibaiolojia yagawanywe kwa haki na pale zilipotoka. Swali hilo halina utovu wa adabu.

Wapo waliosema tudai fedha kwa kila mfuko wa udongo. Mimi sikubaliani. Kama mtafiti amekupotezea nusu siku ya kazi, ni haki akufidie muda. Lakini tukianza kuuza udongo, tutapata shilingi elfu chache leo na kukosa jibu lenye thamani ya misimu kumi.

Na sisi tuwe wakweli. Usimpeleke mtafiti kwenye kona nzuri ya shamba penye samadi ya mbuzi ili aondoke na sifa. Mwambie ulipanda nini, uliweka mbolea gani, dawa gani. Ukimdanganya, jibu litakaporudi litakudanganya wewe.

Neno kwa wenye maduka ya pembejeo

Chanjo ya mbegu ina viumbe hai. Pakiti ikikaa juu ya kaunta inayopigwa na jua chini ya bati, unauza vumbi. Iweke mahali pa baridi na kivuli, angalia tarehe ya mwisho, na usiisafirishe juani juu ya bodaboda. Mwambie mteja achanganye kivulini, apande siku ileile na afukie mara moja. Kiasi cha pakiti kwa kilo za mbegu kiko kwenye lebo, kifuatwe.

Mwambie pia ukweli kwamba chanjo ya soya ni ya soya. Bakteria wake si wa maharage, na mahindi hayatengenezi vinundu. Wala chanjo haitatibu ukosefu wa fosforasi au tindikali kali. Mkulima akinunua kwa matumaini ya uongo, msimu ujao hatarudi hata kwa bidhaa nzuri.

Siku hizi zinapita chupa za "bakteria wa mazao yote". Kabla ya kuziweka dukani uliza: bakteria gani, wa zao gani, wanaisha lini, na namba ya usajili iko wapi? Muuzaji akishindwa kujibu moja kati ya hayo, mwache aende nazo.

Kilichofuata

Nilirudi kwa mzee nikamsomea mstari wake. Nikamwambia pia kwamba ushauri wa urea ulikuwa wangu na ulikuwa na kasoro, na nikamwomba radhi. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo chokaa inauzwa wapi?" Tumekubaliana kujaribu robo ekari msimu ujao: sehemu moja chokaa, fosforasi na chanjo, sehemu nyingine kama alivyozoea. Siwezi kuahidi mavuno. Tutachimba mizizi pamoja wakati wa maua, na yeyote anayetaka kuja kuona karibu.

Kikundi kimebadilisha uamuzi. Watafiti watakuja, lakini watakuta karatasi ya masharti mezani, na mzee ndiye aliyechaguliwa kutunza daftari la namba za sampuli.

Ninalo ombi la mwisho. Kama una binti au kijana anayependa baiolojia, usimwambie kwamba kuchezea udongo si kazi. Binti niliyemkuta maabara ni mtoto wa mkulima wa maharage. Nilipomwambia habari za mzee alichukua namba yangu ya simu, na siku tatu baadaye akanitumia kwa Kiswahili majibu ya sampuli zote kumi na mbili za kata yetu, ingawa si yeye aliyezichukua. Wenye mashamba hayo wafike ofisini kwangu Jumanne au Alhamisi asubuhi. Majibu yenu ninayo, yamechelewa miaka minne.